Mtoto wa Panga ya Saidi na Ukoo wa Adamu

Mwaka 2021 jarida la sayansi la Nature lilitoa habari ya kaburi moja lililofukuliwa katika pango la Panga ya Saidi, kwenye vilima vilivyo nyuma ya pwani ya Kilifi, kaskazini ya Mombasa. Aliyezikwa humo ni mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu. Waliomzika walichimba shimo kwenye sakafu ya pango, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani. Jinsi mifupa ya shingo ilivyolala inaonyesha kwamba kichwa kiliwekewa kitu cha kukiegemeza, kitu ambacho kimeshaoza, na sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa, pengine kwa majani au ngozi. Kisha wakamfukia. Mifupa ilikuwa dhaifu mno, ikabidi bonge zima la udongo lifunikwe plasta na kubebwa hadi Nairobi, na baadaye Hispania, lichambuliwe polepole maabarani. Watafiti walimpa jina la Mtoto. Kaburi lake lina umri wa miaka 78,000 hivi, na katika Afrika halijapatikana kaburi la kale zaidi la mtu wa spishi yetu.

Naanza na mtoto huyu kwa sababu mjadala wa mageuko na uumbaji huku kwetu huanzia kwa nyani na kuishia kwa nyani. Mmoja anauliza kwa ukali kama babu yako alikuwa tumbili, mwingine anajibu kwa dharau, na kila mmoja anarudi nyumbani na kile alichokuja nacho. Panga ya Saidi inatuuliza jambo gumu zaidi. Waliomwekea maiti huyu mto wa kichwa walikuwa watu, na sidhani kuna muumini wa dini yoyote atakayesimama pembeni ya kaburi hilo akasema mle mmefukiwa mnyama. Sasa je, ni wa ukoo wa Adamu? Askofu mkuu James Ussher wa Ireland, aliyejumlisha miaka ya mababa wa Biblia na kuchapisha hesabu yake mwaka 1650, alipata kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Mtoto alikuwa ameshalala pangoni miaka zaidi ya sabini elfu kabla ya tarehe hiyo. Mwislamu hana tarehe ya namna ile katika Kitabu chake, lakini anaye Adam asiye na baba wala mama. Muganda anaye Kintu, mtu wa kwanza wa simulizi zao. Kwa maoni yangu ni katika swali hili la nasaba, kuliko katika habari ya siku sita, ndipo upatanisho wa mageuko na imani unapothibitika au kuvunjika.

Siku sita zisituchukulie muda mwingi. Wengi hudhani dini zilianza kuzilegeza kwa woga, baada ya Darwin kuchapisha kitabu chake mwezi Novemba 1859. Sivyo ilivyokuwa. Origen wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliona kwamba siku tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo zisingeweza kuwa siku za kawaida, kwa kuwa jua lenyewe linaumbwa siku ya nne. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alifikia kusema kwamba Mungu aliumba vyote mara moja, na vingine akaviweka kama uwezo uliofichika ndani ya viumbe, vije vijitokeze kwa wakati wake. Tena aliwakemea Wakristo waliokuwa wakizungumzia mbingu na nyota bila ujuzi mbele ya wasioamini wenye ujuzi, wakaifanya dini ichekwe. Kurani nayo inataja siku ya miaka elfu, na mahali pengine siku ya miaka elfu hamsini. Kwa Wahindu mchana mmoja wa Brahma ni miaka 4,320,000,000, karibu sawa na umri wa dunia kwa hesabu za wanajiolojia (nachukulia kuwa ni sadfa, wala isigeuzwe ushahidi). Urefu wa muda ni kikwazo kwa wale tu waliochagua kuufanya kikwazo.

Niseme pia mimi nimesimama wapi, kwa kuwa mwandishi anayejificha nyuma ya "wengine wanasema" hamsaidii msomaji. Naikubali sayansi ya mageuko, na kinachonishawishi zaidi hata kuliko fuvu la Olduvai alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, au nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6, ni jeni moja iliyovunjika. Wanyama wengi wanaonyonyesha hujitengenezea vitamini C mwilini. Binadamu hawezi, na akikosa matunda na mboga kwa miezi kadhaa hupata kiseyeye. Jeni ya kazi hiyo bado tunayo, ila imeharibika. Sokwe naye anayo, nayo imeharibika kwa namna ile ile, sehemu nyingi zile zile. Mwalimu anayesahihisha mitihani akikuta karatasi mbili zina makosa yale yale ya ajabu, kwa mfuatano ule ule, hahitaji shahidi wa kumwambia kwamba zimetoka mahali pamoja. Basi ninapotafuta upatanisho, sitafuti namna ya kuukwepa ushahidi huu.

Kilichonifunza mengi ni kulinganisha namna Darwin alivyopokewa katika nyumba tofauti za imani, maana hakuumiza kila mahali sawasawa. Pale Cambridge alisoma vitabu vya William Paley, kasisi aliyeandika mwaka 1802 kwamba jicho na bawa ni kama saa ya mfukoni: vipande vimepangwa kwa ustadi, kwa hiyo yuko mpangaji. Wakristo wa Kiingereza wa zama zile walikuwa wameweka karibu mali yao yote katika hoja hiyo moja. Darwin alipoonyesha kwamba uteuzi asilia unaweza kupanga vipande bila mpangaji kuingiza mkono kila mara, hasara yao ilikuwa kubwa.

Ghazali wa Tus, aliyefariki mwaka 1111, asingepata hasara ile. Kwake, hata pamba inapokaribia moto ikaungua, moto haukuunguza chochote kwa nguvu zake. Mwenyezi Mungu ndiye anayeumba kuungua, na kufuatana kwa moto na majivu ni desturi aliyoiendesha, anayeweza kuikatisha akitaka. Mtu mwenye itikadi hii hashtuki akiambiwa kwamba mabadiliko ya jeni hutokea kwa nasibu. Nasibu ni jina la hesabu za wanadamu, na nyuma yake hakuna tukio lililo nje ya qudra. Huku pwani hilo si geni. Masheikh wetu wa Kishafii wamefundisha itikadi ya Ash'ari kwa karne nyingi, na watoto walioketi vyuoni wakihifadhi zile sifa ishirini za Mwenyezi Mungu walikuwa wakilishwa falsafa ambayo ina nafasi pana ya kuyapokea mageuko kuliko ile ya Paley. Sijui kwa nini tumekopa hofu ya Waingereza wakati tulikuwa na chakula chetu wenyewe jikoni.

Mwaka 1882 yalitokea Beirut mambo yanayoonyesha tofauti hiyo vizuri. Edwin Lewis, profesa Mmarekani katika Chuo cha Kiprotestanti cha Syria, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, alitoa hotuba ya mahafali akamsifu Darwin kwa uchapakazi wake wa kisayansi. Wamisionari waliokisimamia chuo walikasirika, Lewis akalazimika kuondoka, wanafunzi wakagoma. Miaka sita baadaye Husayn al-Jisr, mwanazuoni wa Kiislamu wa Tripoli ya Lebanon, aliandika risala iliyoshughulikia jambo lile lile kwa utulivu kabisa. Alisema ushahidi wa mageuko kwa wakati ule haujafikia yakini, hivyo Mwislamu abaki na maana ya dhahiri ya aya. Ukija kufikia yakini, aya zitafanyiwa taawili, yaani zitafasiriwa kwa maana isiyo ya dhahiri, na Mungu atabaki kuwa ndiye Muumba, awe ameumba kwa mara moja au kwa hatua. Kanuni hiyo hakuitunga Jisr. Ghazali aliijua, na Ibn Rushd wa Kordoba aliitetea kwa nguvu kwamba ukweli haupingani na ukweli.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaotoka hapo wakakimbilia kudai kwamba Waislamu waligundua mageuko kabla ya Darwin. Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika mengi na mazuri kuhusu wanyama wanavyowindana na mazingira yanavyowabadili. Ibn Khaldun, mwaka 1377, aliwapanga viumbe katika ngazi kutoka madini hadi mimea, hadi wanyama, hadi nyani, hadi mtu. Lakini ngazi ya Ibn Khaldun ni ngazi ya daraja za uhai, kila daraja ikipakana na iliyo juu yake; haisemi jinsi kizazi kinavyozaa kizazi kikachujwa na mazingira. Vivyo hivyo sikubaliani na wale wanaochomoa aya moja kuhusu maji au udongo wakaiambatanisha na matokeo ya maabara ya mwaka jana. Matokeo ya maabara hubadilika, na siku yakibadilika aya ile waliyoifunga kwayo wataifanyaje? Upatanisho wa aina hii unavutia katika mhadhara, ila mwanafunzi akifika chuo kikuu unamwachia fedheha.

Kwa Mwislamu mwiba wenyewe uko kwa Adam. Kurani inamfananisha Isa na Adam: huyu bila baba, yule bila wazazi wote wawili, wote kwa amri ya Mungu. Mwanazuoni wa Kisunni hawezi kuugeuza mfano huo kuwa mafumbo bila kuvuruga jambo ambalo umma umekubaliana nalo. Kisha kuna hadithi, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Adam aliumbwa akiwa na urefu wa dhiraa sitini, na watu wakaendelea kupungua kimo. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki Cairo mwaka 1449, bingwa wa hadithi ambaye hakuna anayemshuku, alipoifikia hadithi hiyo katika sherehe yake ya Bukhari alitazama nyumba za watu wa Thamudi wanaotajwa katika Kurani, zilizochongwa majabalini, akaona milango yake haionyeshi kwamba watu wale wa kale walikuwa majitu. Akaandika wazi kwamba hajapata jibu la kuondoa utata huo. Ninampenda sana kwa hilo. Hakuikana hadithi wala hakuyafumbia macho magofu. Aliviweka vyote viwili mezani, akaendelea na kazi.

Katika zama zetu David Solomon Jalajel, kwa kitabu cha mwaka 2009, na Shoaib Ahmed Malik, kwa kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu Ghazali na mageuko, wamependekeza njia inayotokana na elimu ya kalam yenyewe, yaani teolojia ya Kiislamu. Wanasema hivi: wahyi umemtaja Adam kuwa aliumbwa kwa muujiza, basi tuamini. Kuhusu mimea, wanyama, na hata viumbe wenye umbo la mtu ambao huenda walikuwapo duniani, wahyi haukukata kauli, basi sayansi ifanye kazi yake. Na je, wana wa Adam walioana na viumbe hao? Maandiko yamenyamaza, nasi tunanyamaza. Lazima nikiri kwamba ni hoja safi. Gharama yake ni kwamba muujiza wa Adam hautaonekana kamwe katika mifupa wala katika jeni, na mwanasayansi atauliza kwa nini aukubali. Jibu la kalam ni kwamba hakuna anayemtaka aukubali kwa darubini.

Kwa Wakristo mambo ni mengine, na hapa ndipo nilipoona jinsi majina yale yale ya Adamu na Hawa yanavyobeba mizigo tofauti. Katika Uislamu Adam alikosa, akatubu, akasamehewa. Dhambi yake hairithiwi, na kifo hakikuingia duniani kwa sababu yake. Hata malaika, kabla hajaumbwa, waliuliza juu ya kiumbe atakayemwaga damu. Katika Ukristo wa Magharibi kosa la Adamu ndilo lililoleta mauti na kumfanya Kristo ahitajike. Aliyelifunga fundo hilo kwa nguvu zaidi ni Augustino, yule yule aliyewafungulia Wakristo siku sita. Mkono mmoja ulilegeza sura ya kwanza ya Mwanzo, mkono wa pili ukakaza sura ya tatu, na Wakristo wa Magharibi wamevutwa huku na huku tangu wakati huo.

Kanisa Katoliki limepita hapo kwa tahadhari. Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika waraka wa mwaka 1950, aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, mradi roho isemwe kuwa imeumbwa na Mungu moja kwa moja. Lakini aliona haijulikani ni vipi mafundisho ya dhambi ya asili yatapatana na dhana kwamba binadamu wa kwanza walikuwa wengi. Mwaka 1996 Yohane Paulo wa Pili aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba mageuko yamekuwa zaidi ya dhana tu. Swali la wengi au wawili aliliacha lilipo. Nalo halijalala, kwa sababu jeni za watu walio hai leo zinaonyesha kwamba mababu zetu, kwa miaka laki kadhaa, hawakupungua hata mara moja wakabaki wawili, walikuwa maelfu. Mwaka 2017 zilitangazwa habari za mifupa ya Jebel Irhoud, Morocco, watu wa aina yetu wa miaka 300,000 iliyopita, na wao pia hawakuwa peke yao barani.

Makanisa ya kiinjili na Waadventista, ambayo yana nguvu sana Kenya na Tanzania, mara nyingi hukataa jambo lote. Sipendi jinsi wasomi wetu wanavyowadharau. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kupinga makumbusho ya Nairobi kuwapa nafasi ya mbele mabaki ya kale ya binadamu, pamoja na yale ya Kijana wa Turkana yaliyoonwa mara ya kwanza na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Hakufanikiwa, na nafurahi hakufanikiwa. Mifupa ile ni urithi wa Wakenya, wakiwemo waumini wake. Lakini wanaomfuata wameliona fundo halisi. Ikiwa kifo ni mshahara wa dhambi, na duma wameua swala kwa mamilioni ya miaka kabla ya mdhambi wa kwanza, basi ama maana ya kifo katika Warumi sura ya tano ni kifo cha kiroho, ama hesabu ya miaka ni ya uongo. Wao wamechagua la pili, na wanalipa kwa kukataa jiolojia nzima, fizikia ya mionzi na nusu ya biolojia. Ni gharama isiyolipika, ingawa nawaheshimu kwa kutojifanya kwamba gharama haipo. Njia nyingine ilikuwapo tangu zamani: Irenaeus wa Lyon, katika karne ya 2, aliwaona Adamu na Hawa kama watoto, waliowekwa njiani kukua kuelekea kwa Mungu, na Wakristo wa Mashariki hawakuiacha kabisa fikra hiyo. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waasisi wa biolojia ya mageuko ya karne ya 20, alikuwa Mworthodoksi, na sidhani ni bahati kwamba fundo la Augustino halikumkaba.

Simulizi zetu za jadi hazikuitwa katika mahakama hii, labda kwa sababu wamisionari waliziita hekaya na wanasayansi wakawaitikia. Wagikuyu wanao Gikuyu na Mumbi, walioshushiwa nchi na Ngai pale Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a, wakazaa mabinti walioanzisha koo tisa. Baganda wanaye Kintu, aliyekuwa peke yake na ng'ombe wake hadi alipomwoa Nambi binti wa Ggulu mbinguni, na mauti ikawafuata duniani kwa jina la Walumbe, ndugu wa Nambi. Hadi hapo Kintu ni Adamu tu wa Uganda. Ila Baganda hao hao wanasimulia kwamba zipo koo ambazo Kintu alipofika alizikuta nchini. Mtu wa kwanza aliwakuta watu! Wageni walioandika habari hizo walihangaika kuzitenganisha, hii ya mzimu na hii ya historia. Wenyewe walizibeba pamoja bila taabu, kwani kuwa mtu wa kwanza katika simulizi ile ni kuwa mwanzo wa utaratibu: ndoa, mifugo, ufalme, na kujua kwamba tunakufa. Kitabu cha Mwanzo chenyewe kina mpasuko wa aina hiyo, kwani Kaini baada ya kumuua nduguye anaogopa kuuawa na watu ambao hawajatajwa kuzaliwa, kisha anaoa.

Joshua Swamidass, mtaalamu wa biolojia Mmarekani na Mkristo, alichapisha mwaka 2019 kitabu kinachosimama karibu sana na Jalajel bila wao kutoka chuo kimoja. Kwa hesabu za nasaba, anasema, mtu aliyeishi miaka elfu chache tu iliyopita anaweza kuwa babu wa kila aliye hai leo, hata kama jeni zake zimepotea ndani yetu. Basi Adamu aliyeumbwa kwa udongo angeweza kutokea katikati ya watu waliotokana na mageuko, uzao wake ukachanganyika nao, na sisi sote tukawa wanawe. Hesabu hiyo ni sahihi. Ni Kintu na koo alizozikuta, kwa lugha ya takwimu.

Lakini hapa mwili wangu unasisimka, na sababu ni ya kihistoria. Mfaransa Isaac La Peyrère aliandika mwaka 1655 kwamba walikuwapo watu kabla ya Adamu, akalazimishwa kukana maneno yake. Wazo halikufa. Mwaka 1880 Alexander Winchell, mwanajiolojia wa Michigan aliyetaka kwa dhati kupatanisha Biblia na sayansi, alichapisha kitabu kizima cha kudai kwamba watu weusi ni uzao wa waliomtangulia Adamu, kwa kuwa kwa macho yake walikuwa duni mno kuwa wanawe. Louis Agassiz wa Harvard, mpinzani mkubwa wa Darwin, alifundisha kwamba kila jamii ya watu iliumbwa mahali pake mbali na nyingine. Darwin ndiye aliyesema, mwaka 1871, kwamba binadamu wote ni spishi moja na kwamba yaelekea chimbuko lao ni Afrika, ingawa kitabu hicho hicho kina kurasa zinazowapanga watu kwa daraja, kurasa ambazo Mwafrika hawezi kuzisoma bila uchungu. Swamidass analijua hili na anasisitiza utu wa walio nje ya bustani. Hata hivyo, upatanisho wowote unaohitaji kuwapo binadamu wasio wana wa Adamu umeshika kisu ambacho mababu zetu waliwahi kuchinjwa nacho.

Ndiyo maana nampima kila mpatanishi kwa Mtoto wa Panga ya Saidi. Ukimweka Adamu katika bustani ya miaka elfu sita au kumi iliyopita, niambie aliyelazwa pale Kilifi ni nani mbele ya Mungu, na mama aliyemviringisha ni nani. Ukinijibu kwamba ni viumbe wenye umbo la mtu, umeshindwa, hata kama sarufi ya Kiebrania na Kiarabu iko upande wako. Mwenye njia bora hapa, kwa maoni yangu, ni yule anayemrudisha Adamu nyuma sana. William Lane Craig, mwanafalsafa wa kiinjili, alifanya hivyo mwaka 2021, akamweka zaidi ya miaka 750,000 nyuma, ili asimwache nje yeyote mwenye dalili za akili ya binadamu. Mwislamu anaweza kumfuata kwa wepesi zaidi kuliko Mkristo, kwa kuwa Kurani haikutoa tarehe wala orodha ya vizazi. Yapo matatizo: Mwanzo inawapa wana wa Adamu kilimo na mji, mambo ya miaka elfu kumi na kidogo. Afadhali kubeba tatizo hilo la kilimo kuliko kumvua mtoto yule utu wake.

Linabaki jambo ambalo kuhamisha tarehe ya Adamu hakuligusi, nalo ni maumivu. Mwaka 1860 Darwin alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard na Mpresibiteri aliyeyakubali mageuko bila kuacha imani, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi wale nyigu ambao mabuu yao huwala viwavi wakingali hai. Gray alitetea kwamba Mungu huyaongoza mabadiliko ya viumbe. Darwin hakuridhika, na nadhani alikuwa na haki, kwani uongozi wa namna hiyo unamsogeza Mungu karibu zaidi na nyigu. Hapa watu wa Basra walifikiri kwa kina kuliko watu wa Cambridge. Ikhwan as-Safa, kundi la wanafikra wa mji huo katika karne ya 10, waliandika risala ambamo wanyama wanamshtaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, na mashtaka yao yamepangwa kwa uzito wa kweli. Wanazuoni wa Mu'tazila walibishana jinsi Mungu atakavyowafidia wanyama walioumia. Na ipo hadithi katika Sahih Muslim, inayojulikana na wengi wetu tangu chuoni, kwamba siku ya Kiyama hata mbuzi asiye na pembe atalipiwa haki yake kwa yule mwenye pembe.

Katika hadithi hiyo maumivu ya mnyama yana mdai wake, naye ni mnyama mwenyewe. Haihitaji kwanza kumtafutia binadamu kosa lililofanya mbuzi apigwe pembe, kwa hiyo haihitaji kukana kwamba wanyama walikufa kabla ya binadamu yeyote kuwapo. Mkristo naye anayo Warumi sura ya nane, ambapo viumbe vyote vinaugua kwa pamoja vikingoja ukombozi, nayo iko sura tatu tu baada ya ile inayotumiwa kufunga mlango. Ningependa kuwaona masheikh na wachungaji wa Mombasa, Dodoma na Kampala wakiketi na sura hizo mbili na hadithi ile, pamoja na walimu wa biolojia wa kidato cha nne, ambao kila mwaka hufundisha mada ya mageuko huku darasa zima likiwatazama kutaka kujua kama mwalimu mwenyewe anaamini anachokiandika ubaoni.